Kidonda cha Mzee ni Lindo la Kila Saa Mbili

Askari hufundishwa tangu siku za mwanzo za mafunzo yake kwamba ngome imara yenye silaha za kutosha inaweza kuanguka kwa sababu mlinzi mmoja alisinzia. Funzo hilo tumelizoea kambini, mpakani na kwenye daraja. Leo tunataka kulipeleka mahali ambapo halizoeleki kupelekwa: kitandani kwa mzee asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Hapo napo pana adui, pana lindo, na pana kupokezana zamu. Na hapo napo mlinzi akisinzia, mtu hufa.

Huenda wako watakaouliza: Habari za wazee na vidonda vyao zinamhusu nini askari mwenye sare? Zinamhusu sana, na kwa sababu zaidi ya moja.

Mwezi wa Desemba 2007 vikosi vya kwanza vya Burundi viliwasili Mogadishu kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka 17, mpaka ujumbe wa ATMIS ulipofikia kikomo tarehe 31 Desemba 2024, na nchi yetu haikuwamo katika ujumbe mpya uliofuata. Kijana aliyekwenda huko mwaka ule wa kwanza akiwa na umri wa miaka 30 leo anaukaribia au ameufikia umri wa miaka 50. Wenzake walioingia katika jeshi na polisi vilivyoundwa upya kufuatana na Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, nao wamekwisha kuona mvi za kwanza. Wale waliovaa sare katika miaka ya 1970 ni wazee kamili, na miongoni mwao wapo waliobaki na risasi mwilini, mguu wa bandia, au uti wa mgongo usiosikia kitu. Aidha, kila askari, awe wa cheo cha juu au cha chini, ana baba au mama mahali fulani, mlimani au mjini, ambaye miaka inamlemea.

Ni kweli kwamba taifa letu ni taifa la vijana. Kati ya Warundi kumi, waliopita umri wa miaka 60 hawafiki hata mmoja. Lakini uchache wao si sababu ya kuwasahau. Kinyume chake, uchache huo unatupa nafasi ya kujipanga mapema, kabla idadi yao haijaongezeka na kutukuta hatujajiandaa.

MAKAO YA WAZEE YAKO WAPI?

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mzee akishindwa kujihudumia mara nyingi hupelekwa katika makao maalumu, ambako wauguzi walioajiriwa humwogesha, humlisha na kumfunga vidonda. Katika Afrika Mashariki makao kama hayo ni machache, lakini yapo. Jirani zetu wa Tanzania wanayo makao ya serikali kama Nunge huko Kigamboni, Kolandoto huko Shinyanga na Njoro huko Moshi. Baadhi ya makao hayo yana historia ndefu ya kuwatunza watu waliougua ukoma. Serikali ya Zanzibar imewatunza wazee katika makao ya Sebleni na Welezo, kisha mwezi wa Aprili 2016 ikaanza kumpa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Mjini Nairobi, masista wa shirika la Little Sisters of the Poor wana nyumba ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza.

Hapa Bujumbura hali ni nyingine. Katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Kinama, Musaga au Kanyosha, makao ya wazee ni chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanawe. Muuguzi ni mke wa mwana, au binti aliyeacha shule, au yaya wa kuajiriwa ambaye jana alikuwa akilea mtoto na leo anamgeuza mtu mzima mwenye kilo 60. Hata hospitalini, kazi kubwa ya kumlisha na kumsafisha mgonjwa hufanywa na jamaa anayelala kando ya kitanda, yule ambaye Warundi humwita umurwaza. Tena wapo wazee wasio na mwana wala binti, kwa kuwa misiba ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwachukua wote.

Sisi hatudharau utaratibu huu wa kumtunza mzee nyumbani. Ni urithi mwema, na mataifa mengi yaliyoupoteza yanaujutia. Lakini hatuna budi kusema ukweli: upendo peke yake haumzuii mzee asioze kisigino. Mwana anaweza kumpenda mama yake kwa moyo wote, akamnunulia godoro zuri na maziwa kila siku, na bado mama akafa kwa kidonda ambacho muuguzi mwenye ujuzi angalikizuia bila dawa yoyote. Tofauti kati yao ni ujuzi na nidhamu ya kazi. Hayo yote mawili hufundishika.

JINSI KIDONDA KINAVYOINGIA

Hebu tuangalie adui huyu anavyofanya kazi. Nyama ya mwili huishi kwa damu inayopita katika mishipa midogo sana. Mtu anapolala chali, uzito wake hauenei sawasawa. Hukusanyika mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Mahali hapo ni chini ya mgongo juu ya makalio, visigino, nyonga, mabega, viwiko na kisogo. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa ile hufungika na damu haipiti. Mtu mzima mwenye afya huhisi maumivu kidogo hata usingizini, akajigeuza bila kujua. Mzee aliyepooza, au aliyedhoofika kwa homa, au ambaye hisia zake zimekufa, hajigeuzi. Baada ya saa chache nyama huanza kufa.

Jambo la hatari ni kwamba huanza kufa ndani, karibu na mfupa, kabla ya ngozi. Kwa hiyo siku ile familia inapoona tundu dogo juu, shimo lililo chini yake huenda limekwisha kuwa kubwa kama ngumi. Ndiyo maana wauguzi hawangoji kuona tundu. Wao hukagua mapema, kila siku, kama askari anavyokagua bunduki kabla haijagoma.

Vitabu vingi husema kwamba dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na wazee wetu wengi wamepoteza siku za thamani kwa sababu hiyo. Anayemtunza mzee wetu hana budi kutumia mkono zaidi ya macho: aguse mahali pa mfupa, alinganishe upande huu na ule, asikie kama pana joto zaidi au ubaridi, kama pamekuwa pagumu au pamelegea kupita kawaida, na aangalie kama rangi imezidi kuwa nyeusi au ya zambarau. Akiona hivyo, mahali hapo pasilaliwe tena mpaka parudi katika hali yake.

Mambo mengine matatu humsaidia adui. La kwanza ni unyevu: mkojo na jasho hulainisha ngozi mpaka ikachubuka kama karatasi iliyolowa. La pili ni kuburuta: mzee akivutwa juu ya shuka, ngozi hubaki nyuma na nyama huenda mbele, mishipa ikakatika. Mzee huinuliwa na watu wawili kwa shuka iliyokunjwa, haburutwi. La tatu ni njaa. Mwili hauwezi kujenga nyama mpya bila chakula cha kujenga mwili, nao wazee wengi huachiwa uji mtupu kwa kisingizio kwamba hawana meno. Ndagala zilizosagwa, maharagwe yaliyopondwa, mayai na lengalenga ni dawa ya kidonda sawa na bandeji.

FUNZO LA ASKARI WALIOVUNJIKA MGONGO

Wasomaji wetu walio askari watapenda kujua kwamba elimu hii ilikomaa katika hospitali za vita.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, askari aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti inayopumua. Wengi wao walikufa katika muda wa wiki au miezi michache, na mara nyingi muuaji alikuwa kidonda cha kulala au uchafu uliopanda kwa njia ya mkojo. Madaktari waliona kwamba hakuna la kufanya.

Mwaka 1939 daktari mmoja Myahudi, Ludwig Guttmann, aliikimbia Ujerumani ya Hitler akaingia Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville. Guttmann hakuwa na dawa mpya ya kuunganisha uti wa mgongo; hata leo dawa hiyo haijapatikana. Alichokuwa nacho ni amri moja: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa, na ngozi yake ikaguliwe kila anapogeuzwa. Yeye mwenyewe alipita usiku kuhakikisha kwamba amri inatekelezwa. Vidonda vilipungua, na watu waliokuwa wakingoja kufa wakaanza kukaa katika viti vya magurudumu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini London, wanajeshi 16 waliopooza walishindana kulenga shabaha kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa Michezo ya Olimpiki ya walemavu, ambayo dunia nzima huitazama leo.

Tunasisitiza: watu hao waliokolewa na ratiba. Ratiba haiagizwi ng'ambo wala hailipiwi kwa fedha za kigeni.

Miaka 90 kabla ya hapo, Florence Nightingale alikuwa amefika Scutari, nchini Uturuki, na wauguzi 38 kuwahudumia askari wa Uingereza waliojeruhiwa katika vita vya Krimea. Ilikuwa mwezi wa Novemba 1854. Wengi husimulia habari ya taa aliyoibeba usiku, lakini funzo kubwa liko kwenye hesabu alizoziandika. Mwezi wa Februari 1855, kati ya wagonjwa 100 wa hospitali ile, 42 walikufa. Mwezi wa Machi ilifika tume ya usafi, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo na kusafisha maji ya kunywa. Kufikia Juni waliokufa walikuwa 2 tu kati ya 100. Askari wale hawakuwa wakiuawa na Warusi; waliuawa na uchafu wa mahali pa kuponea.

MIKONO NDIYO BARABARA

Kidonda ni mlango uliovunjwa. Vijidudu vyenyewe havina miguu, hubebwa. Na chombo kinachovibeba zaidi ni mkono wa yule yule anayekuja kusaidia. Muuguzi anayemfunga mzee wa kitanda cha kwanza, kisha akamgusa wa kitanda cha pili bila kunawa, amefanya kazi ya dereva wa adui.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliweka nyakati tano ambazo mhudumu lazima asafishe mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, kama kufungua kidonda, baada ya kugusana na damu, usaha, mkojo au choo, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama kitanda au meza, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya spiriti, sekunde 20 hadi 30. Glavu haziondoi wajibu huo. Glavu iliyomgusa mgonjwa mmoja ikaenda kwa mwingine ni chafu sawa na mkono mchafu, tena ni mbaya zaidi kwa sababu humdanganya aliyeivaa kwamba yuko safi.

Dunia ilipewa somo kali katika jambo hili mwaka 2020. Mwezi wa Februari, ugonjwa wa Kovidi uliingia katika makao ya wazee huko Kirkland, katika jimbo la Washington nchini Marekani, na kuua watu wengi kwa muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya wahudumu walikuwa wakifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, na kwamba wengine walifika kazini wakiwa wagonjwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia Ulaya ilieleza kwamba, kwa makadirio ya nchi kadhaa, hadi nusu ya waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa wakazi wa makao ya kutunzia watu. Nchi zenye utajiri mkubwa na mashine nyingi zilishindwa mlangoni, penye karai la kunawia.

Hapa kwetu, wagonjwa wa kwanza walitangazwa tarehe 31 Machi 2020. Mwisho wa Juni mwaka huo Rais Évariste Ndayishimiye aliutaja ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa Burundi, na katika hatua zilizofuata serikali ilishusha bei ya sabuni ili kila nyumba iweze kunawa. Tangu hapo adui wengine wamekwisha kubisha hodi: kipindupindu kilitangazwa Bujumbura mapema mwaka 2023, na ugonjwa wa mpoksi, ambao huenea kwa kugusana na vipele vyake, ulithibitishwa nchini mwezi wa Julai 2024. Kila mara tumekumbushwa neno lile lile: sabuni. Isiwe kwamba tunanawa wakati wa tangazo tu, kisha karai linarudi kufulia.

MAKOSA YA MAZOEA

Baadhi ya mambo yanayofanywa kwa nia njema majumbani hayana budi kuachwa. Watu hupaka majivu, samadi au majani yaliyotafunwa juu ya kidonda. Huko ni kupanda viini vya pepopunda kwa mkono. Tukumbuke kwamba chanjo za watoto zilienea nchini kuanzia miaka ya 1980. Mzee aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kupata hata sindano moja ya kumkinga na pepopunda. Mzee akipata jeraha, swali la sindano hiyo liulizwe kituoni siku ile ile.

Wengine hufungua kidonge cha antibayotiki na kunyunyiza unga wake ndani ya kidonda. Unga huo hukauka ukawa gamba, uchafu ukajificha chini yake. Baya zaidi, vijidudu vikionja dawa kidogo bila kufa, hujifunza kuishi nayo. Hesabu iliyofanywa na wataalamu wa nchi nyingi ilionyesha kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa, na Afrika ya kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu wake. Askari anajua maana ya kupoteza risasi ovyo kabla ya vita. Antibayotiki ni risasi chache tulizo nazo. Zitumike kwa amri ya mganga, kwa muda aliouweka, na si vinginevyo.

Wapo pia wanaomkalisha mzee juu ya pete ya kitambaa au ya mpira, wakidhani wanakiepusha kidonda. Pete hiyo hubana damu pande zote na kukizungushia kidonda ukuta wa njaa. Afadhali mto laini chini ya ndama za miguu, ili visigino vielee hewani bila kugusa godoro.

Kidonda chenyewe husafishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Hakisuguliwi. Hufunikwa kwa shashi safi, si kwa pamba inayoacha nyuzi. Huachwa na unyevu kidogo, kwani nyama mpya haioti mahali pakavu kama jangwa. Bandeji iliyotoka hutiwa katika mfuko na kuchomwa au kufukiwa. Haitupwi uani watoto wakaichezea. Na kila siku huandikwa katika daftari: upana wa kidonda, rangi, harufu, usaha. Muuguzi bila daftari ni kama mkuu wa kituo asiye na kitabu cha zamu: hajui jana palitokea nini.

Zipo dalili ambazo zikionekana mzee apelekwe kwa mganga bila kungoja kesho: uvimbe unaoenea, joto kuzunguka kidonda, usaha wenye harufu kali, mfupa kuonekana. Wasomaji wazingatie pia kwamba mwili wa mzee mara nyingine hauna nguvu hata ya kupandisha homa. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana, leo akaanza kupayuka au kukataa chakula, huenda sumu ya kidonda imeingia katika damu. Asidhaniwe kuwa ni uzee tu, wala asisemwe kuwa amerogwa.

MGUU USIOSIKIA

Kipo kidonda kingine kinachostahili kutajwa, nacho ni cha mguu wa mgonjwa wa kisukari. Ugonjwa huu, uliodhaniwa zamani kuwa wa matajiri, sasa umeingia katika kila mtaa. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga msumari asijue, akavaa kiatu chenye jiwe asijue, na akija kutazama, kidole kimekuwa cheusi.

Jambo hili si geni kwetu. Katika kituo cha Nyankanda, upande wa Ruyigi, walitunzwa kwa miaka mingi watu waliougua ukoma, ugonjwa ambao pia huua hisia. Popote ukoma ulipotibiwa, wauguzi waliwafundisha wagonjwa kanuni ambayo leo inamfaa kila mzee wa kisukari: jioni, kabla ya kulala, tazama miguu yako yote miwili, nyayo na katikati ya vidole, asiyeona vizuri atazamwe na mjukuu, kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani. Asiyesikia maumivu amepoteza mlinzi wa lango, na macho hayana budi kushika zamu yake.

NINI KIFANYIKE?

Uchambuzi usiofika kwenye pendekezo ni soga. Sisi tunaona mambo manne.

Kwanza, elimu itolewe mlangoni. Mgonjwa asiyejiweza anaporuhusiwa kutoka hospitali, umurwaza wake asiondoke kabla hajaonyesha kwa vitendo, mbele ya muuguzi, kwamba anajua kumgeuza, kunawa na kufunga kidonda. Nusu saa hiyo itaokoa miezi ya kitanda.

Pili, muuguzi aende nyumbani. Vituo vyetu vya afya vimezoea kungoja mgonjwa aje, lakini mzee wa kitandani haji. Tayari nchi ina abaremeshakiyago, wale wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya watoto na malaria. Wakifundishwa pia kukagua visigino na mgongo wa mzee, na kumwarifu muuguzi wa kituo mapema, tutakuwa na doria inayofika mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki.

Tatu, kambi na vituo vya polisi viwajue wastaafu na majeruhi wao. Kila kikosi kina majina ya waliotoka. Ziara moja ya mwezi, ya muuguzi wa kijeshi na askari wawili wa kusaidia kuinua, haitaidhoofisha kambi. Itamweleza kila kijana aliye kazini kwamba siku yake ya kulala ikifika hatatupwa.

Nne, iwapo makao ya wazee yatajengwa hapa nchini, na siku moja yatajengwa, yasianzwe kwa jengo na hafla ya kukata utepe. Yaanzwe kwa maji ya bomba, mahali pa kufulia, karai la kunawia kila mlango, na hesabu ya wauguzi wa kutosha kwa zamu ya usiku. Kwani kidonda hakijui usiku. Muuguzi mmoja akiachiwa wazee 40 mpaka asubuhi, ile kanuni ya saa mbili imekwisha kuvunjwa kabla hajavaa aproni, na hapo si haki kumlaumu yeye.

Hapo ndipo penye heshima ya kazi hii. Wauguzi wanaofundishwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii hapa Bujumbura, na katika shule nyingine za nchi, hujifunza miaka mingi ili waje kushika miguu yenye usaha. Hujihatarisha kwa sindano na damu. Wanastahili chanjo ya homa ya ini, glavu za kutosha, na mshahara unaolingana na zamu zao. Jamii inayomwona muuguzi wa wazee kuwa mfagiaji wa choo itajikuta, wakati wake ukifika, haina wa kuishika mkono.

Kwa askari na polisi wanaosoma maneno haya, wajibu hauanzi wizarani. Unaanza siku ya ruhusa. Ufikapo nyumbani kwa mzazi wako, usitoe salamu na bahasha tu. Nawa mikono. Omba kuiona miguu yake, na mgongo wake ikiwa analala. Uliza nani anamgeuza usiku, na saa ngapi. Kama hakuna ajuaye jibu, kaa na ndugu zako mpange zamu, muiandike, muibandike ukutani. Wewe unajua kupanga zamu kuliko wao. Ndiyo kazi uliyofundishwa.

Wazee wetu walikesha tukiwa wachanga, wakatugeuza tusilale upande mmoja, wakatubadilisha nepi usiku wa manane bila kuhesabu saa. Sasa zamu ni yetu. Askari mwema hapokei lindo kwa manung'uniko, wala haondoki kabla ya mwenzake kufika.